Tazama Mgongo wa Kompyuta Kabla ya Kununua Waya

Nilimnunulia mdogo wangu kompyuta ya mezani pale Kariakoo, mtumba mzuri uliowahi kutumika ofisini. Nyumbani tulikuwa na skrini yenye HDMI, tundu la kupitishia picha, na waya wake, basi sikuuliza zaidi. Tulipoigeuza mashine, HDMI hakuna. Kulikuwa na VGA, lile tundu pana lenye vishimo 15, na chini yake matundu mawili yanayokaribia kufanana na HDMI. Ukiyatazama vizuri, HDMI imebanwa kona zote mbili za chini, lakini haya yamekatwa kona moja tu. Hiyo ni DisplayPort, na mashine nyingi za ofisini zinakuja nayo.

Kesho yake nikarudi kununua waya wenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili, na picha ikatoka. Ila waya wa aina hii una mwelekeo wake: DisplayPort inakaa kwenye kompyuta, HDMI kwenye skrini. Kama kompyuta ndiyo yenye HDMI na skrini ndiyo yenye DisplayPort, waya huohuo hautakusaidia, hata ukiugeuza mara ngapi. VGA kwenda HDMI nayo inataka kifaa cha kubadilishia, kwa sababu VGA inapeleka picha kwa analojia na HDMI kwa dijitali. Usikubali kuuziwa waya mtupu.

Siku ya kuhamisha meza niliuvuta ule waya wa DisplayPort, ukagoma. Nikaongeza nguvu, na tundu likalegea hadi leo. Waya mingi ya aina hiyo ina kitufe kidogo juu ya kichwa chake. Ukikibonyeza, vijino viwili vinaachia, nao unatoka wenyewe. VGA inashikwa na skrubu mbili za pembeni, fungua zote kwanza. Ukiona kwenye kichwa cha waya wa VGA pini moja haipo katikati, usidhani imevunjika. Nyaya nyingi hutengenezwa bila pini ya 9. Ya kuhofia ni pini iliyolala: inyanyue taratibu kwa ncha ya sindano kabla ya kuchomeka.

Mashine ikiwa na kadi ya picha, yaani kifaa cha ziada cha kutolea picha, utaona matundu ya skrini sehemu mbili: juu, pamoja na ya USB, na chini, yamelala kwenye kibati chake. Chomeka skrini kwenye yale ya chini. Watu wengi wanachomeka juu, wanakuta skrini nyeusi, wanambebea fundi mashine nzima.

Kwa USB, angalia rangi ya plastiki ya ndani. Nyeusi mara nyingi ni USB 2.0, bluu ni 3.0. Kibodi na mausi vinatosheka na nyeusi. Bluu iachie flashi na diski ya nje, maana kunakili video kubwa ndipo utaona tofauti. Spika zinaingia tundu la kijani, maikrofoni la waridi. Waya wa mtandao ukishika utasikia "tik", na taa ndogo pembeni yake itawaka.

Jambo ninalowasihi wote wanaonunua mashine za zamani, hasa zilizotoka Marekani, ni kutazama pale waya wa umeme unapoingia. Baadhi zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Swichi ikiwa kwenye 115 ukawasha, utasikia mlio mmoja na harufu ya kuungua, na pawasapulai, kile kisanduku kinachopokea umeme na kuugawa ndani ya mashine, imekwisha. Isogeze kwa bisibisi bapa wakati waya wa umeme umechomolewa kabisa. Kama swichi hiyo haipo, soma kibandiko cha pawasapulai: kikisema 100-240V, chomeka.