Re: Gari halijawahi kuvuka Chalinze, nadaiwa faini ya Singida. Nilipe yaishe?

USILIPE. Hata shilingi. Salamu baadaye.

Mkuu unasema gari liko Dar muda wote, umekagua deni ukakuta elfu 30 ya Singida, unataka ulipe yaishe, halafu ndiyo uulize utaratibu wa kubadili namba na kama bima itakusumbua. Hilo "yaishe" limenifanya niache ugali mezani. Mimi nililisema hivyo hivyo, na kwangu ndipo yalipoanza.

Toyota IST yangu ilikuwa kwa fundi Tandale, juu ya mawe, giaboksi imeshushwa iko pembeni kwenye beseni. Siku hiyo hiyo ikapigwa tochi (kamera ya mwendokasi ya trafiki) Singida, spidi 83 kwenye eneo la 50. Nilicheka sana. Gari lenyewe hata likiwa zima, likifika 80 linatetemeka kama lina homa. Ningeishia kucheka ningekuwa salama.

Nikaenda kuulizia. Nje ya ofisi, kwenye steshenari, nikadakwa na kishoka, hawa madalali wa mtaani wanaojifanya wana mtu ndani. "Braza, hapo kuna mtu kakosea kuandika tu. Lipa hiyo 30, mimi nipe 50 nikusafishie namba kwenye mfumo." Jamaa hana ofisi, hana hata kiti, ana kalamu tatu mfukoni na bahasha ya kaki. Nikamwamini kwa sababu alikuwa anawasalimia walinzi kwa majina! Nimesoma mpaka chuo mimi. Na kusafisha alisafisha kweli, mfuko wangu. Nikimwona leo sijui nitamfanya nini, labda nitamuuliza tu ile bahasha ilikuwa na nini ndani.

Nikalipa. Ikaja ya Manyoni, nikalipa. Ikaja ya Nzega, nikalipa, nilishakuwa mteja wa kudumu.

Kisha nasimamishwa Kibaha. Trafiki anaangalia simu yake, ananiangalia, anaangalia simu tena. Gari lenye namba yangu limemgonga bodaboda huko bara na kukimbia. Shuka, lete funguo, twende kituoni.

Mpelelezi hakunifokea hata kidogo. Alinigeuzia kompyuta.

"Unasema hizi safari si zako?"
"Si zangu, afande."
"Ya Singida kalipa nani?"
"Mimi."
"Manyoni?"
"Mimi."
"Nzega?"
Nikaangalia feni.
"Kwa hiyo wewe huwa unalipia magari ya watu?"

Wewe ungejibu nini? Risiti zangu mwenyewe ndizo zilizokaa kwenye jalada dhidi yangu. Gari likalala yadi siku 23. Betri ikafa, mtu akaondoka na spea tairi, na mimi nikawa mtu wa daladala na wa kuandika maelezo.

Kilichonitoa ni picha ya tochi, ambayo nilitakiwa kuidai siku ya kwanza kabla ya kugusa simu kulipa. IST kweli, rangi ya fedha kama yangu, herufi na tarakimu zilezile. Ila kibao CHEUPE, cha gari la biashara. Langu ni gari binafsi, kibao cha njano! Wamenigeuza teksi na mimi nalipa kwa uaminifu. Mkaguzi akafungua boneti, akaweka karatasi juu ya chesesi namba, ile iliyogongwa kwenye bodi ya gari, akasugua penseli mpaka NCP60 na zilizofuata zikatokea, akalinganisha na kadi. Dakika kumi.

Kwa hiyo RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) kwanza, pesa baadaye. Nenda kituoni na kadi ya gari, andikisha kwamba kuna gari lingine lina namba yako, omba chesesi ikaguliwe, omba picha ya hilo kosa. Beba chochote kinachoonyesha gari lilikuwa wapi siku hiyo: risiti ya mafuta ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye saa, daftari la getini kazini, hata karatasi ya fundi yenye madoa ya oili. Mimi hiyo ya fundi ilinisaidia kuliko maneno yangu yote. Kopi ya RB ikae ndani ya gari. Najua ukichelewa deni linaongezeka, ndiyo maana nakwambia nenda leo, siyo Jumatatu.

Kubadili namba sikubadili, nikachoka. Na mtu wa steshenari akikuita braza, pita.

Umesema namba ya malipo umetumiwa jana usiku. Hujalipa bado, sivyo? Jibu hapa hapa.