Print()ni ni wapi? Viambishi vya Kiswahili na msimbo wa programu

SWALI: Ninapanga kurasa za mwongozo wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa wanafunzi wa sekondari, kwa kutumia InDesign, programu ya kupanga kurasa. Mwandishi ameandika sentensi kama “Weka jina lako katika print()ni”, “Uki-print() mara mbili utaona mistari miwili” na “Ma-string yote yawe ndani ya alama za kunukuu”. (Print() ni amri ya kuonyesha maandishi kwenye skrini, na string ni kipande cha maandishi.) Msimbo, yaani maneno yanayoandikiwa kompyuta, nimeuweka katika fonti ya Courier, ambayo herufi zake zote zina upana mmoja, na maelezo katika fonti nyingine. Je, viambishi “-ni”, “uki-” na “ma-” vifuate fonti ya msimbo au ya maelezo?

JIBU: Visifuate fonti yoyote kati ya hizo, kwa maana havikupaswa kubandikwa hapo. Ukiona umefika mahali pa kujiuliza herufi mbili za mwisho wa neno zivae sura gani, ujue kwamba kosa limetangulia kutendwa katika sentensi, na hakuna fonti itakayolifuta.

Wapo watakaonijibu kwamba Kiswahili kimeyapachika viambishi maneno ya kigeni tangu zamani, nami nakubali. Neno kitabu lilitoka katika Kiarabu, ambako “ki” yake ni sehemu ya neno lenyewe. Sisi tukaifanya kiambishi cha ngeli na tukapata vitabu. Ofisi ilitoka kwa Waingereza, na leo kila mtu huenda ofisini. Lakini maneno hayo yalipokewa kwanza: yalibadilishwa tahajia, yakapewa irabu ya mwisho, yakatulia katika ngeli, ndipo yakastahili kuambishwa. Msimbo haupokewi, unanukuliwa. Print() lazima inakiliwe herufi kwa herufi pamoja na mabano yake, na Python ni kali kiasi kwamba hata hiyo P kubwa niliyoanza nayo sentensi hii ingeikataa, kwa kuwa jina la amri ni print kwa herufi ndogo. Kiambishi kilichogandishwa kwenye nukuu ya namna hiyo kinaighushi, na anayedanganywa ni mwanafunzi asiyejua bado kipi ni cha mwandishi na kipi ni cha kompyuta.

Hiyo print()ni inanikera kuliko zote, nayo naomba tuichambue hadi mwisho. Kwanza, haisomeki kwa sauti. Kiambishi -ni huisogeza shadda ya neno: nyumba husomwa kwa mkazo kwenye “nyu”, nyumbani kwa mkazo kwenye “mba”. Katika print()ni mkazo utue wapi, kwenye mabano? Pili, mwandishi wako ameandika “katika print()ni”, akarudia kosa ambalo walimu wamelipigia kelele miaka mingi, lile la “katika nyumbani”. Katika inaonyesha mahali, na -ni inaonyesha mahali. Moja inatosha, na mbili kwa pamoja zinaonyesha tu kwamba mwandishi hakusoma alichokiandika. Tatu, na hili ndilo linalokuhusu wewe mpangaji wa kurasa, Kiswahili kina “ni” nyingine, ile inayojitegemea. “Print() ni amri” ni sentensi kamili. “Print()ni” ni mahali. Kinachozitofautisha ni nafasi moja tu, na programu ya kupanga kurasa, inapozilazimisha aya zilingane pande zote mbili, hupanua na kubana nafasi hizo inavyotaka. Ukiongeza fonti mbili zinazokutana hapo hapo, ambapo herufi ya Courier huja na uwazi wake pembeni, msomaji hatajua kama ameelezwa amri ni nini au amri iko wapi. Lugha inayofundisha mashine isiyosamehe haiwezi kutegemea uwazi mwembamba kama huo.

“Uki-print()” ina ubaya wake. Kistari katika maelezo ni kiungo, lakini katika Python ni alama ya kutoa, na hakiruhusiwi kabisa ndani ya jina la amri. Tena programu yako inaweza kuukata mstari baada ya kistari, “uki-” ikabaki peke yake ukingoni na print() ikaanza mstari wa chini, utadhani ni mambo mawili yasiyojuana. “Ma-string” nayo ni uvivu mtupu. Kama anakusudia vipande vya maandishi, aseme vipande vya maandishi.

Dawa ni ndogo na haina gharama: kila kipande cha msimbo kitanguliwe na nomino ya Kiswahili, kisha nomino hiyo ndiyo ibebe viambishi vyote. Tuna amri, neno tulilolipata kutoka Kiarabu likiwa na maana hiyo hiyo ya agizo. Tuna faili, alama, thamani, jina, mstari. Andika “amri ya print() inaonyesha”, “faili la data.txt limefunguliwa”, “alama ya = inaipa thamani jina”. Upatanisho unatulia wenyewe, nawe huhitaji kubahatisha kama data.txt “imefunguliwa” au “limefunguliwa”, jambo ambalo waandishi wengi hulibadilisha ndani ya ukurasa mmoja bila kujua. Sentensi zako basi ziwe: “Weka jina lako ndani ya mabano ya amri ya print()”, “Ukitumia amri ya print() mara mbili, utaona mistari miwili”, “Vipande vyote vya maandishi viwe ndani ya alama za kunukuu”.

Katika mazungumzo ya kazini watu waendelee kusema “uki-print”. Sina nguvu wala nia ya kuwafuata huko, na msikilizaji anaweza kuuliza asipoelewa. Kitabu hakiulizwi. Ila asije mtu akakimbilia “ukichapa”, kwa sababu amri hiyo huonyesha maandishi kwenye skrini, na mwanafunzi mwaminifu atakwenda kutafuta karatasi.

Ukisha kuitakasa sentensi, swali lako la fonti linajijibu: kilicho msimbo kiwe chote cha Courier, kilicho Kiswahili kiwe chote cha fonti ya maelezo, na mpaka uwe kwenye nafasi kati ya maneno, kamwe usiwe katikati ya neno. Tengeneza mtindo wa herufi kwa msimbo ulio ndani ya aya na mtindo wa aya kwa mifano inayojitegemea. Katika yote miwili ondoa uteuzi wa lugha ili programu isisahihishe tahajia, zima ukataji wa maneno, na aya za mfano zianzie kushoto bila kulazimishwa kulingana kulia. Nafasi za mwanzoni mwa mstari zilinde kwa wivu, kwa kuwa katika Python zina maana. Desturi ni nafasi nne kwa kila ngazi. Alama za kunukuu katika msimbo ziwe zilizonyooka, kwani print(“Asha”) yenye alama zilizopinda itakataliwa, wakati print("Asha") itakubaliwa. Nukta ya mwisho wa sentensi nayo isigusane na msimbo ambao msomaji anatakiwa kuuandika. Malizia maelezo kwa nukta mbili, ushuke mstari, uweke msimbo peke yake:

print("Asha")

Kuhusu upana, kila herufi ya Courier huchukua upana wa sehemu sita za kumi za ukubwa wa fonti. Kwenye karatasi ya A4 yenye pambizo za sentimita 2.5, ukubwa wa pointi 10 utakupa herufi 75 kwa mstari, na pointi 9 zitakupa 83. Miongozo ya Python hupendekeza mstari usizidi herufi 79, kwa hiyo chagua pointi 9. Mstari ukizidi hapo, mrudishie mwandishi aukate mwenyewe, kwa sababu wewe na programu yako hamjui ni wapi unaweza kukatwa bila kuharibika.