Gari Likilala Majira Yote ya Baridi

SWALI: Ndugu Fundi, nina gari la petroli ambalo sipendi litembee wakati theluji imeanza kuanguka na barabara zimemwagiwa chumvi. Mwaka huu nimeamua kulifungia gerejini kwa miezi 4 na kutumia usafiri wa umma. Jirani yangu, mtu mwema kweli, amejitolea kuja kila Jumamosi kuliwasha na kuliacha likinguruma kwa dakika 10 ili, kama asemavyo yeye, damu izunguke. Rafiki mwingine ananiambia nichomoe betri, na wa tatu anasisitiza kwamba niliinue juu ya stendi ili matairi yasiguse sakafu. Nimsikilize nani? Tena, je, nifunge hendibreki, na je, nisimamishe bima?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na jirani yako, kwa kuwa ushauri wake ndio unaotolewa na watu wengi, na ndio utakaoliumiza gari lako kuliko baridi yenyewe. Petroli inapoungua huzaa maji: kila lita moja inayochomwa ndani ya injini hutoa takribani lita moja ya maji, ambayo injini iliyopata moto sawasawa huyatupa nje kupitia eksozi yakiwa mvuke. Injini iliyowashwa katika baridi kali na kuachwa isimame ikinguruma kwa dakika 10 haifikii joto hilo. Mvuke hugeuka matone kwenye kuta za injini na ndani ya eksozi, petroli ambayo haikuungua vizuri huchuruzika hadi kwenye oili, na vyote hivyo hubaki humo vikisubiri Jumamosi nyingine iviongezee. Ukirudia jambo hilo kwa majuma 16, utakuwa umeichafua oili na kuipa kutu nafasi ya kuila sailensa kutoka ndani. Isitoshe, moshi wa gari una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kumuua mtu ndani ya gereji iliyofungwa, na sitaki jirani yako alipwe wema wake kwa namna hiyo. Ama gari liendeshwe barabarani nusu saa hivi hadi oili yenyewe ipate moto, ama liachwe lilale kabisa. Kwa kuwa hutaki lionje chumvi, liache lilale. Kwa sababu hiyohiyo badilisha oili na filta yake kabla ya kulifungia, wala si baada ya kulitoa, kwani oili iliyotumika ina unyevu na asidi ambazo hazifai kukaa miezi 4 juu ya vyuma vilivyosimama.

Anayekuambia habari za betri yuko karibu zaidi na ukweli. Gari la siku hizi halilali usingizi mzito: kengele ya wizi, saa, kompyuta na kipokezi cha ufunguo huendelea kunywa umeme hata milango ikiwa imefungwa. Tuseme vyote kwa pamoja vinakula miliampea 50, kiwango ambacho mafundi wengi hawakihesabu kuwa ni hitilafu. Kwa siku moja hizo ni ampea-saa 1.2 (ampea-saa ndicho kipimo cha umeme ambao betri huhifadhi), na kwa siku 30 ni ampea-saa 36, yaani zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 60. Hapo pia utaona kwa nini zile dakika 10 za Jumamosi hazifui dafu, kwa maana juma moja limekwisha kula zaidi ya ampea-saa 8, na betri yenye baridi hupokea chaji polepole mno. Betri ya kawaida ya gari, ile ya asidi na risasi, inayoachwa ikiwa tupu hupatwa na mambo mawili. Kwanza, sahani zake hujengeka ukoko mgumu unaopunguza uwezo wake moja kwa moja. Pili, asidi yake huwa nyepesi, na asidi nyepesi huganda. Betri iliyojaa huvumilia baridi ambayo watu wengi hawataiona maishani, ilhali iliyoisha yaweza kuganda kwenye nyuzi kama 10 chini ya sifuri na kupasua kasha lake.

Kwa hiyo ichaji mpaka ijae, na uthibitisho wake ni kwamba ikishapumzika saa kadhaa isome volti 12.6 au zaidi. Kama gereji ina umeme, iunganishe na chaja ndogo ya kutunzia betri, ile inayojizima na kujiwasha yenyewe, uiache hapo majira yote. Kama haina, fungua waya wa hasi kwanza, uitoe betri, uiweke mahali pakavu pasipoganda, na uichaji tena kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Kabla ya kuifungua, hakikisha una namba ya siri ya redio ikiwa gari lako huihitaji, na uhakikishe milango na buti vinaweza kufunguliwa kwa ufunguo wa kawaida. Nimeona mtu akichomoa betri iliyokuwa ndani ya buti, akalibamiza buti, kisha akakumbuka kwamba kufuli lake hufunguka kwa umeme tu.

Hukuuliza kuhusu maji ya rejeta, lakini hili ndilo kosa pekee linaloweza kukugharimu injini nzima kwa usiku mmoja. Maji yanapoganda hutanuka kwa takribani asilimia 9, na chuma cha injini hakina pa kuyapisha. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti, yaani dawa ya rejeta ya kuzuia kuganda, huzuia kuganda hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Wapo wanaodhani kwamba kulanti tupu isiyochanganywa ingekinga zaidi, na hapo wanakosea sana, kwa sababu ikiwa peke yake huganda mapema kuliko ikichanganywa. Usiamini rangi yake kwa macho. Kuna kipimo kidogo ambacho fundi yeyote anacho, na kazi yenyewe haimalizi dakika 2. Ikimwagika, ifute mara moja, kwa kuwa ina ladha tamu inayovutia paka na mbwa, nayo ni sumu kali. Maji ya kuoshea kioo cha mbele nayo yabadilishwe kwa yale ya majira ya baridi, la sivyo tangi lake dogo laweza kupasuka.

Kuhusu petroli, sina wasiwasi mkubwa kwa miezi 4. Jaza tangi ili kubaki nafasi ndogo ya hewa yenye unyevu, hasa ikiwa petroli ya kwenu imechanganywa na ethanoli, ambayo huvuta maji. Ukitaka kutia dawa ya kuhifadhi petroli, itie kabla ya safari ya mwisho ili ifike mpaka kwenye injini.

Stendi ziache. Gari likining'inia miezi mingi, springi na shokapu hubaki zimenyooka, na bushi za mpira hukaa zimejipinda kwa namna ambayo hazikutengenezewa. Tairi hupata bapa mahali linapogusa sakafu, ni kweli, lakini bapa dogo hutoweka baada ya kilomita chache za mwendo. Ongeza upepo kidogo kuliko ule wa kawaida bila kuvuka kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, ukikumbuka kwamba halijoto ikishuka kwa nyuzi 10, upepo nao hushuka kwa kiasi cha bar 0.1. Hendibreki usiifunge, kwa kuwa pedi zaweza kushikamana na diski kwa kutu hata gurudumu likatae kuzunguka. Weka gia, au herufi P kama ni otomatiki, kisha tia vigingi mbele na nyuma ya magurudumu. Gari lenye hendibreki ya umeme huifunga lenyewe mara nyingi linapozimwa, na kitabu cha gari ndicho kitakachokuonyesha namna ya kulizuia.

Lioshe kabla ya kulifungia, uvungu ukiwa wa kwanza, kisha liendeshe kidogo ili breki zikauke. Hapa nina neno kwa wanaojivunia gereji yenye joto: gari lenye chumvi na theluji likiingizwa humo huoza haraka kuliko lililoachwa kwenye baridi kavu, kwa maana kutu ni mmenyuko wa kikemia na joto huuharakisha. Unachotafuta ni ukavu. Lifunike kwa kitambaa kinachopumua, kamwe si nailoni, na ukililaza ndani ya gereji acha vioo wazi kwa upana wa kidole. Panya hupenda filta ya hewa kwa kutengenezea malazi na nyaya kwa kutafuna. Ondoa kila chembe ya chakula, ziba mdomo wa eksozi kwa wavu wa chuma, na ubandike karatasi kwenye usukani inayokukumbusha kuuondoa.

Bima usiifute yote. Gereji huungua na wezi hawaangalii kalenda, kwa hiyo iulize kampuni yako kama inaweza kuipunguza ibaki ya moto na wizi. Uliza pia sheria ya mahali ulipo, kwa sababu kuna nchi zinazodai bima hata kwa gari lisilotembea mpaka mwenyewe alitangaze rasmi kuwa limewekwa kando.

SWALI: Ndugu Fundi, mimi sina gereji, na gari langu ni la dizeli. Je, nilifunike kwa turubai?

JIBU: Turubai la plastiki litakuharibia rangi kwa njia mbili, kwa kufungia unyevu na kwa kusugua kila upepo unapovuma. Kama huna kifuniko cha kupumua kinachobana vizuri, ni heri liachwe wazi likiwa limepakwa nta nzuri, juu ya saruji au kokoto na si juu ya majani, ambayo hutoa unyevu usiku na mchana. Dizeli yenyewe ina nta ndani yake, na ile inayouzwa majira ya joto huanza kutoa chembe za nta baridi inapozidi na kuziba filta. Jaza dizeli ya majira ya baridi kabla ya kuliegesha, kisha endesha walau nusu saa, kwani ile ya zamani iliyobaki kwenye filta na mabomba ndiyo itakayokuzuia kuwasha.

SWALI: Ndugu Fundi, gari langu ni la umeme. Je, nilijaze chaji asilimia 100 kisha niliache?

JIBU: Hapana. Betri kubwa ya lithiamu huchoka upesi ikikaa imejaa kabisa, na huumia zaidi ikifika sifuri. Iache kwenye asilimia 50 hivi, au kiwango kinachotajwa na kitabu cha gari lako, na uzime huduma za simu zinazoliamsha gari kila mara ukitaka kulichungulia. Usisahau kwamba magari mengi ya umeme yana pia betri ndogo ya volti 12, na ikifa hiyo, milango yaweza kukataa kufunguka na gari kukataa kuwaka hata kama ile kubwa imejaa. Kitabu kitakueleza kama gari lako huichaji lenyewe linapokuwa limesimama. Kama haliichaji, itunze kwa chaja kama nilivyomweleza msomaji wa kwanza, ukihakikisha chaja hiyo inafaa aina ya betri iliyomo.