Mjomba anastaafu ujasusi wa majini, spichi niandike nini?

SWALI: Dada habari za kazi. Mjomba wangu anastaafu mwezi ujao, ni afisa wa jeshi la wanamaji, kitengo cha intelijensia. Familia imenitupia mimi spichi eti ndo najua kuandika, sasa kila nikikaa sina hata sentensi moja, maana hakuna anayejua alikuwa anafanya nini. Ukimuuliza anacheka anasema "makaratasi tu". Mama anataka tuwachimbe wenzake wa kazini kimyakimya, binamu yangu anataka tuunge video ya picha zake za kazini turushe mtandaoni. Tufanyeje? – Mpwa mwenye presha

JIBU: Mdogo wangu, kwanza mwambie mama aache hiyo ya kuchimba, na binamu aweke simu chini kabisa. Kiapo cha siri hakistaafu na mtu, akivua sare bado kinamfunga, na picha moja tu ya yeye na wenzake inaweza kumwanika mtu ambaye bado yuko kazini. Mkitaka picha za kuonyesha siku hiyo ulizeni ofisini kwake zipi ruksa, wamezoea kuulizwa. Hata maelezo ya nishani zake mwombeni yeye mwenyewe ile nakala inayoruhusiwa kusomwa mbele za watu, mara nyingi ni mistari michache mikavu hivi, basi isomeni hivyohivyo msiipambe.

Alafu hilo la kukosa cha kusema, mbona unacho kingi tu? Watu wa kazi hii wakifanya vizuri hakuna kinachotokea, meli inarudi bandarini na mabaharia wote, na sifa anachukua kapteni. Chukua mfano wa Joseph Rochefort, Mmarekani aliyeongoza kikosi cha jeshi la majini cha kufumbua meseji za siri za adui pale Pearl Harbor, kambi yao ya Hawaii. Mwaka 1942 walikuwa wanasoma vipandevipande vya meseji za Wajapani, wanaona shambulio linakuja mahali panapoitwa "AF" ila mabosi wa Washington hawakubaliani ni wapi. Basi wakaiambia kambi ya Midway, kisiwa cha Pasifiki walichohisi ndicho AF, itangaze redioni, bila kuficha, kwamba mtambo wao wa maji umeharibika. Baada ya muda mfupi Wajapani wakaripoti AF haina maji, hapo ubishi ukaisha. Mwezi Juni Wajapani wakaja Midway wakakuta wanangojwa, wakapoteza manowari nne za kubeba ndege. Admirali Nimitz, mkuu wa meli za kivita za Marekani kule Pasifiki, akapendekeza Rochefort apewe nishani, wakubwa wakakataa, akafa 1976 bila kuipata, ikaja kutoka 1985 yeye yuko kaburini. Mimi hiyo stori huwa inaniuma mpaka leo. Kwahiyo nyie kumshukuru mjomba akiwa hai anasikia, hata bila kujua alifanya nini hasa, hicho sio kitu kidogo.

Sasa kwenye spichi andika mlichokiona nyie. Simu iliyolia usiku akatoka bila kusema anaenda wapi, harusi aliyoikosa, wiki nzima kimya alafu anarudi anauliza tu watoto wamefanyaje mitihani. Alivyo na tabia ya kukaa kiti kinachotazama mlango (kama anayo, wengi wanayo). Hayo hayana siri yoyote na ukumbi mzima utamtambua. Na mke wa mjomba asisahaulike, mtaje kwa jina mapema usimsubirishe mwisho, yeye ndo alikuwa anajibu "yuko kazini" miaka yote hiyo. Wale mabinti wa jeshi la majini la Uingereza walioendesha mashine za kufumbulia meseji za siri za adui vita ya pili ya dunia walikaa kimya mpaka miaka ya 1970, wapo waliokufa bila hata waume zao kujua kitu, sasa fikiria hiyo ndoa ilivyokuwa.

Kazi yake waachieni wenzake waiongelee, wao wanajua mpaka wa maneno uko wapi. Kwenye majeshi mengi ya majini kuna ile desturi ya mabaharia kupanga mistari miwili, filimbi inapigwa, mstaafu anapita katikati anapigiwa saluti. Kwa Wamarekani wanakuwa wawili mpaka wanane kufuatana na cheo, na mwenzake mmoja anamwambia zamu tumeipokea, pumzika. Ikifika hapo nyie kaeni kimya kabisa, hakuna kushangilia wala kukimbia mbele na simu, mtapiga vigelegele akishamaliza kupita.

Zawadi hujauliza ila nakuongezea: boksi la kioo la kuweka nishani na vyeo vyake, muacheni apange mwenyewe. Akiacha nafasi moja wazi katikati msimuulize ya nini.