Mafuta ya karafuu badala ya dawa ya Jumatatu?

SWALI: Salaam aleikum, Daktari. Nafuga kuku wa mayai hapa Bombo. Kila Jumatatu nawatilia antibayotiki ya oksitetrasaiklini kwenye maji, hata wakiwa wazima, iwe kinga. Jirani yangu ameiacha, anatumia mafuta ya karafuu na anasema kazi ni ile ile. Nami nina mujaaja tele nyuma ya nyumba, ule mmea unaonukia kama karafuu. Je, naweza kuachana na antibayotiki?
Mfugaji, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Hiyo dawa ya Jumatatu iache, hata kabla hujapata cha kuweka mahali pake. Kuku mzima haihitaji. Kila ukiwapa, bakteria dhaifu wanakufa na sugu wanabaki kuzaliana, na siku ugonjwa wa kweli ukibisha hodi dawa haitafanya kitu. Tena oksitetrasaiklini huingia kwenye yai. Soma lebo uone mayai yasiliwe kwa siku ngapi baada ya dawa. Kwa anayetia kila wiki, siku hizo huenda haziishi, na trei zinaendelea kwenda sokoni.

Jirani yako hakubuni. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, huharibu utando wa seli ya bakteria, yaliyomo yakavuja. Maabara imeyaona hayo mara nyingi, hata kwa bakteria wa Salmonela. Lakini kisahani cha maabara hakina pumba wala mukene (dagaa). Ndani ya kuku, mafuta na protini za chakula huinasa yujenoli, na nyingine hufyonzwa utumbo wa juu kabla ya kufika chini walikojaa bakteria. Ndiyo maana viwanda huyafungia mafuta haya ndani ya chembe za unga wa kuchanganya na chakula. Unga huo unaweza kusaidia tumbo la kuku mzima. Kuku aliyekwisha kuugua usimtegemeze hapo.

Na tafadhali, ile chupa ya mafuta ya karafuu usiimimine kwenye maji. Angalia chombo: mafuta hayachanganyiki na maji, yanazama chini. Kuku mmoja anachovya mdomo katika mafuta makali yanayounguza, mwingine anakunywa maji matupu.

Mujaaja, nami naupenda kwenye chai. Ila kilo 100 za majani mabichi mara nyingi hazitoi hata kilo moja ya mafuta, na mmea mmoja una yujenoli nyingi, mwingine una thaimoli, kiambato tofauti. Konzi ya majani haina kipimo. Wakiyadonoa, hakuna ubaya. Usihesabu kwamba umewatibu.

Wapo walioacha kabla yako: Uswidi ilikataza antibayotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukamaliza kuzikataza tarehe 1 Januari 2006. Waswidi walipata shida mwanzoni, hasa nguruwe wachanga waliohara baada ya kuachishwa ziwa. Kilichowaokoa zaidi ni mabanda na usafi.

Kwa hiyo ingia bandani. Chukua konzi ya maganda ya kahawa uliyotandaza, hasa chini ya vyombo vya maji, uikamue. Ikishikana donge, imelowa. Ikikuchoma puani, hiyo ni amonia, na mapafu ya kuku wako yanaivuta usiku kucha. Toa yaliyolowa, inua vyombo vifike usawa wa mgongo wa kuku, fungua upande upepo upite. Hapo ndipo ningeweka pesa ya Jumatatu, pamoja na chanjo za Newcastle na Gumboro. Magonjwa hayo mawili ni ya virusi: karafuu haiyawezi, na oksitetrasaiklini haiyawezi.

Wakianza kufa, usikimbilie dukani kununua dawa kwa kubahatisha. Mwite daktari wa mifugo wa wilaya, au mfunge aliyekufa leo katika mifuko miwili, mweke juu ya barafu, umpeleke maabara ya chuo cha mifugo Makerere. Waombe wapime ni antibayotiki gani bado inamuua huyo bakteria. Hiyo ndiyo utakayonunua, na utaimaliza dozi yote.