Lindi inapoangukia baharini: longitudo za ramani za zamani

SWALI: Nina skani ya ramani ya Kijerumani, skeli 1:1,000,000, haina mwaka. Nimeiingiza kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, kwa longitudo zilizoandikwa pembeni, Lindi ikaangukia katikati ya bahari. Na bandari ya Mkwaya, mtoni Lukuledi, siioni kabisa. Ramani ni mbovu? (Mwalimu wa historia, Lindi)

JIBU: Ramani ni nzima, Mwalimu. Angalia longitudo ya Lindi: kama inasomeka 57 na ushee, imehesabiwa kuanzia Ferro, kimojawapo cha visiwa vya Kanari, wala si Greenwich. Toa 17°40′. Lindi iko takribani 39°43′ mashariki mwa Greenwich, kwa Ferro inakuwa 57°23′; ukiiacha hivyo inatua upande wa visiwa vya Agalega. Ramani za Kifaransa huanzia Paris, kwa hizo unaongeza 2°20′.

Kosa linalofuata ni la kuandika. 39°43′ si 39.43. Gawa dakika kwa 60, upate 39.717. Latitudo ya kusini iwe na alama ya kutoa.

Alama za kufungia ramani ziweke kwenye makutano ya mistari ya gridi, sita hadi nane, zilizotawanyika hadi pembeni. Usizifunge kwenye ufuko: mikoko na mchanga wa mdomo wa Lukuledi huhama, na wachoraji wengi walikadiria tu. Njia ya kuigeuza iwe polinomia ya daraja la 1, inayoisogeza karatasi nzima kwa pamoja bila kuikunja. Ile ya kunyumbua, thin plate spline, itakuonyesha kosa la sifuri hata kama alama moja umeikosea, kwa sababu inaivuta karatasi hadi ikubali. Hata ukifunga vizuri, milimita moja hapo ni kilometa nzima, kwa hiyo usitegemee kupata gati.

Mwaka utafute mdomoni mwa Ruvuma. Mpaka ukishuka kusini ya mto na kuikumbatia Kionga, ramani inaonyesha hali ya baada ya 1894, Wajerumani walipoichukua. Wareno waliitwaa tena mwaka 1916. Mikindani kuandikwa kwa herufi kubwa na Mtwara kukosekana si ajabu kwa enzi hizo.

Mkwaya nayo usiihangaikie humo. Gati lile lilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947: matishari yalipandisha mizigo kwenye hori kutoka Lindi, reli ikaipeleka Nachingwea. Mjerumani angelichoraje? Tafuta karatasi za miaka ya 1950 na kuendelea. Zile za 1:50,000 za Tanzania zipe mfumo wa majira wa Arc 1960 / UTM 37S (namba yake kwenye QGIS ni EPSG 21037). Ukizipa WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, zitasogea kama mita 300, na tuta la reli litaonekana limepita majini.