Ukuta wa nje: plasta, rafukasti, au mawe yaachwe wazi?

Ndugu wa Ruai, umesema mabati yameshapanda, mawe ni ya Ndarugo ya kukatwa kwa mashine, na hela iliyobaki haitoshi kupiga plasta nje nzima na kupaka rangi. Miaka mitano iliyopita nilikuwa katika hali hiyo hiyo, mjengo wangu ukiwa Mihang'o.

Usipige plasta nyumba nzima. Mawe kama yamekatwa sawasawa, yaache wazi upige kii tu: viungo vikwanguliwe kina cha sentimita 2 hivi, vinyunyiziwe maji, vijazwe simiti moja kwa mchanga tatu, kisha vichorwe mstari. Kii hula simiti kidogo sana. Plasta ya milimita 15, mchanganyiko wa moja kwa nne, mfuko wa simiti wa kilo 50 unafunika mita za mraba 7 au 8 tu. Nyumba yenye mzingo wa mita 40 na kimo cha mita 3, ukitoa milango na madirisha, ni mifuko 13 hadi 15. Hapo bado hujanunua mchanga, hujalipa fundi, na rangi ndiyo kwanza inakungoja, nayo utairudia tena na tena.

Ila chagua fundi mwenye mkono wa kii. Wa kwanza nilimwachisha siku ya pili. Alikuwa akipakaza simiti kwenye uso wa jiwe. Doa lile nimelisugua kwa brashi ya waya na bado lipo, kando ya dirisha la jikoni.

Pesa ipeleke upande unaochapwa na mvua. Jiwe la Ndarugo hunywa maji. Kwangu ni ukuta wa mashariki, ambao paa halikutokeza vya kutosha, na mvua za Aprili ziliingia mpaka chumba cha watoto. Ukuta huo nikaupiga plasta, nikaharakisha rangi baada ya wiki moja. Plasta ilikuwa mbichi bado. Rangi ikavimba, ikabanduka maganda maganda, nikakwangua yote na kununua nyingine. Iliniuma sana. Wewe mwagilia plasta asubuhi na jioni kwa wiki nzima, halafu ngoja wiki nne ndipo upake andakoti, ile rangi ya kwanza ya chini.

Rafukasti, ile plasta ya kurushwa yenye vijiwe, huficha ukuta uliopinda, lakini vumbi likishaingia kwenye vile vijiwe kulitoa ni kazi, na rangi inayomeza ni nyingi. Mimi niliiweka kwenye ukuta wa ua peke yake.

Sehemu ya chini usiiahirishe hata kidogo. Udongo wenu mweusi huruka na matone. Sentimita 60 kutoka ardhini piga plasta, paka rangi nyeusi, na umwage zege jembamba kuzunguka nyumba, likiinamia nje. Mvua ijayo ikinyesha, zunguka nyumba utazame ukuta upi unalowa kwanza na upi unachelewa kukauka. Huo ndio uanze nao.